Kwa nini mapenzi yetu hayadumu? Na swali letu kwa nchi kubwa

 

Mada ya safari hii ilizaliwa kwenye mkutano wetu wa Jumamosi, hapa Bujumbura, katika kile chumba cha Bwiza tunachoazimwa. Tulikuwa tunapanga mashindano ya mpira. Wawili wetu wakaanza kutaniana juu ya nani ameachwa na nani mwezi huu. Mzee mmoja aliyekuja kutusalimia akacheka, akasema: "Nyinyi vijana, mapenzi yenu ni moto wa mabua. Unawaka jioni, asubuhi ni majivu." Sote tukacheka naye. Ila dada mmoja hakucheka. Akamjibu kwa heshima tu: "Baba, moto wa mabua unazimika wenyewe. Wetu sisi unamwagiwa maji."

Mpira ukasahauliwa. Tulibaki pale mpaka giza likaingia, na wiki nzima tumelibeba neno lile. Leo tunataka kusema tunavyoona. Tunakubali kwamba mapenzi ya ujana ni mepesi kila mahali duniani. Lakini kwa sisi wakimbizi kuna kitu cha zaidi: muda wetu hauko mikononi mwetu. Watu wa mbali wanautumia wanavyotaka, wanaanzisha vita, wanafunga mpaka, wanafungua mlango, wanaufunga tena. Na mapenzi bila muda hayawezi kukomaa, hata kama wapendanao ni wazuri kama malaika.

Tuanze na makosa yetu

Tukisema yote ni makosa ya wakubwa, tutakuwa tunadanganya. Kuna kaka zetu ambao wanatafuta msichana kwa fanta moja na maneno mengi. Akisikia ana mimba, simu inazimwa, anahamia kwa mjomba wake kartye nyingine. Hiyo hakuna rais aliyemtuma. Kuna dada zetu ambao wana wachumba watatu, mmoja wa kambini, mmoja wa mjini, mmoja wa kwenye simu anayeishi ng'ambo, na kila mmoja anaambiwa ni yeye tu. Kuna sisi wote ambao tunapenda foto kuliko mtu. Ukiona wivu wa WhatsApp, eti "ulikuwa onlaini saa sita usiku na hukunijibu," unaelewa kwamba tunaweza kuvunja mapenzi bila msaada wa mtu yeyote.

Pia umri wenyewe. Mtu wa miaka 19 bado hajajijua. Anachopenda leo kesho kinamchosha. Wazazi wetu wanasema ukweli pale, na tunawashukuru.

Lakini mzee alisema tena kitu kimoja: zamani wao walikuwa wanaoana wakiwa vijana na walikuwa wanadumu. Tulimwuliza: "Baba, na mama tuliyemkuta kwako, mulijuana vipi?" Akasema walikuwa wa kijiji kimoja. Alikuwa anamwona mtoni, anamwona kanisani, anamwona kwenye msiba. Miaka mitatu. Familia zilijuana. Mahari ilitolewa kidogo kidogo, mbuzi huyu mwaka huu, mwingine baada ya mavuno. Walipogombana, shangazi alikuwepo wa kuwapatanisha. Sasa jiulizeni: nani kati yetu ana miaka mitatu sehemu moja? Nani ana shangazi karibu? Nani ana mavuno?

Wazee wetu hawakuwa na mioyo migumu kuliko yetu. Walikuwa na kijiji.

Hadithi ya kwanza: taa za ng'ambo

Mmoja wa kikundi alikuwa na mchumba Uvira. Wanaojua Bujumbura wanajua: Uvira iko pale, hata kilomita 30 hazifiki. Usiku ukisimama kando ya ziwa unaona taa zao. Mtu alikuwa anaweza kuvuka Gatumba asubuhi, akaenda kusalimia, akala ndagala kwa wakwe, jioni amerudi.

Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23. Februari ikafuata Bukavu. Watu wa Uvira wakaanza kukimbia hata kabla vita haijafika. Makumi ya maelfu walivuka Rusizi wakaingia Burundi, wengi wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wakapelekwa Musenyi, kule Rutana. Mchumba wa mwenzetu hakuvuka. Mama yake alikuwa mgonjwa, akasema tutaona. Miezi ikapita. Tarehe 10 Desemba 2025 M23 wakaingia Uvira. Mpaka ukafungwa. Makumi ya maelfu wengine wakawa wamevuka siku zile, wakapelekwa Busuma, upande wa Ruyigi, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala maji ya kutosha.

Mwenzetu alikwenda kuuliza kwa kila mtu aliyevuka. Mmoja alisema alimwona akielekea Fizi na mama yake mgongoni kwa mpanda pikipiki. Mwingine alisema hapana, siyo yeye. Namba haipatikani. Usiku kijana bado anaenda kando ya ziwa kuangalia taa. Anasema hajui kama ameachwa au amefiwa au anasubiriwa. Wakubwa mtuambie: mapenzi haya, nayo ni moto wa mabua?

Hadithi ya pili: safari ambayo haikuwepo

Hii ndiyo iliyotufanya tuandike.

Mmoja wetu aliishi kambini na wazazi na wadogo zake. Dosie ya familia ilikuwa imepita hatua ya kwanza ya kupelekwa Marekani. Alikuwa na binti anayempenda, wa kambi hiyo hiyo, safu ya tatu kutoka kwao. Binti alikuwa kwenye dosie ya familia yake mwenyewe, ambayo ilikuwa haijaguswa. Miaka miwili walikuwa pamoja. Kila mtu alijua, hata wale watoto wa bombani walikuwa wanawaimbia.

Tuwaeleze wenye kusoma ambao hawajui mambo ya dosie. Sheria inajua mume na mke. Haijui mpenzi. Kwa sheria ya Marekani, mkimbizi akishafika anaweza kumwombea mwenzake wa ndoa amfuate, ombi liingie ndani ya miaka miwili, lakini ndoa iwe ilikuwepo kabla yeye hajaingia kule. Viza ya uchumba inaombwa na raia tu, na kufika kwenye uraia ni kama miaka mitano au zaidi. Yaani kijana akipanda ndege akiwa na "mpenzi", ni kama amepanda akiwa hana mtu.

Basi, si waoane? Hapo napo. Sheria ya Burundi inataka mwanaume awe na miaka 21 na mwanamke 18 ili wafunge ndoa kwenye komini. Kijana alikuwa na 20. Na ukibadilisha watu waliomo kwenye dosie katikati ya safari, dosie yote inarudi nyuma kuchunguzwa. Baba yake alimwita usiku akamwambia: "Mwanangu, tuko watu saba kwenye karatasi hii. Unataka sisi saba tubaki kwa sababu ya mmoja?" Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Alichojibu ni hiki. Mwanzoni mwa 2024, baada ya mahojiano, alikwenda kwa binti akamwambia: "Usinisubiri." Alidhani anafanya tendo la heshima. Binti akasema: "Ukifika kule utanisahau, basi bora nikusahau miye kwanza." Kabla mwaka haujaisha binti aliolewa na mtu mwingine, mtu mzuri tu, fundi wa kushona.

Familia ya kijana ikaendelea. Vipimo vya hospitali, mafunzo ya namna ya kuishi kule, tarehe ya ndege: Februari 2025. Wakauza masufuria, wakagawa magodoro, wakampa jirani mlango wa mbao. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisaini karatasi ya kusimamisha kupokea wakimbizi, kuanzia tarehe 27 mwezi huo. Duniani kote maelfu ya watu waliokuwa tayari na tarehe za safari walifutiwa. Kwa hiyo familia simu ilipigwa asubuhi, ikachukua dakika mbili.

Leo kijana bado yuko hapa. Akienda kambini kufanya kazi ya kujitolea, anamkuta yule dada bombani, ana mtoto mgongoni. Wanasalimiana. "Ba mama bazima?" "Bazima." Hakuna aliyekosa. Walitenganishwa na safari ambayo haikuwepo.

Mzee aliposikia hii hadithi alinyamaza muda mrefu, akavua kofia.

Vita inaingia wapi hapa?

Kuna mwenzetu aliyesema: "Nyinyi mnaandika mapenzi au mnaandika siasa? Chagueni." Tulijaribu kuchagua tukashindwa. Ukifuata hadithi hizi mbili kwa nyuma, utafika kwenye nchi zenye nguvu kila mara. Na tukizungumzia Marekani kuliko wengine, ni kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko wote, na ndiyo nchi ambayo kijana wa kambini anaiota usiku.

Bibi na babu zetu wa Fizi na Uvira wanasema "wakati wa Mulele". Ilikuwa 1964 na 1965. Wengi walikimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa. Sisi tulidhani ilikuwa vita ya Wakongomani peke yao. Kumbe kwenye vita ile upande wa serikali ulikuwa na mamluki wa Kizungu, na ndege zilizorushwa na Wakuba waliofukuzwa kwao, walioletwa na idara ya ujasusi ya Marekani. Upande wa waasi, Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwaka 1965 na Wakuba wake. Kwenye ziwa hili hili tunalonawa miguu, Wakuba wa pande mbili walikuja kupigania ugomvi wao, na waliokimbia walikuwa babu zetu. Bibi wa mmoja wetu alikuwa ameposwa mwaka ule. Aliyemposa hakurudi. Akaolewa na mwingine huko ukimbizini. Ndivyo familia ya mwenzetu ilivyoanza.

Kabla ya hapo, urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya urani iliyotengenezea bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji wetu hawakuambiwa wanachimba nini. Baadaye Mobutu alikaa madarakani kuanzia 1965 mpaka 1997, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Marekani ilimsimamia kwa sababu alikuwa adui wa adui yake. Nchi iliyoachwa imeoza namna ile ndiyo iliyowaka moto mikononi mwa wazazi wetu.

Na siyo kwetu tu. Mwaka 2003 Marekani iliingia Irak ikisema kuna silaha za maangamizi. Silaha hizo hazikupatikana. Afghanistan walikaa miaka 20, kuanzia 2001 mpaka Agosti 2021, na waliowakuta wanatawala ndio waliowaacha wanatawala. Huko Bagdad na Kabul pia kulikuwa na vijana wa miaka 20 wenye wapenzi safu ya tatu. Wako wapi? Hatusomi habari zao. Tunasoma idadi ya wanajeshi na bei ya mafuta.

Sasa turudi karibu. Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini mapatano huko Washington. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakasaini mbele ya rais wa Marekani. Kulikuwa na maneno ya amani na kulikuwa na maneno ya madini. Tulikuwa tunaangalia kwenye simu moja, watu kumi na wawili, mega zikatuishia katikati. Tulipiga makofi, tusiseme uongo. Siku sita baadaye Uvira ilichukuliwa. Mwino wa saini ulikuwa bado haujakauka vizuri, na mwenzetu tayari alikuwa Gatumba anaulizia mtu.

Tuwe wa haki. Marekani haikuichukua Uvira. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia M23, Kigali inakana. Februari 2025 Marekani hiyo hiyo ilimwekea vikwazo waziri mmoja wa Rwanda kwa sababu hiyo. Na Kinshasa viongozi wetu walikula pesa za jeshi miaka yote, halafu wakashangaa jeshi linakimbia. Ndugu zetu wenye bunduki vijijini nao wanapora na kubaka. Ukitaka kugawa lawama, sahani ni kubwa, inatosha wote.

Tena Marekani imetupokea. Mwaka wake wa fedha wa 2024 ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongomani ndio waliokuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Tuna kaka, dada na majirani kule wanaotuma pesa za shule. Wengi wenu mnasoma haya kwa mega zilizotumwa kutoka huko.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo"

Methali hii tuliambiwa na mama mmoja aliyesikia tunaandika. Anaogopa. Anasema: mlango unaweza kufunguliwa tena, na nyinyi mnaandika maneno haya, watayasoma, watasema Wakongomani hawana shukrani.

Mama, tumekusikia na tunakuheshimu. Lakini kuuliza siyo kutukana. Mkunga mwenyewe anaulizwa: "Mama, mtoto anakujaje? Mbona unakawia?" Na kuna kitu tulikisoma ambacho kilitupa nguvu. Sheria ya wakimbizi ya Marekani, ile iliyofungua mlango ambao ndugu zetu walipitia, ni ya mwaka 1980. Ilikuja baada ya vita ya Vietnam, wakati watu wa kule walikuwa wanakimbia baharini kwa mashua. Na vita ile vijana wa Marekani wenyewe waliipinga barabarani, kwa sababu walikuwa wanaandikishwa kwa nguvu, wanaachanishwa na wapenzi wao, wanarudishwa ndani ya masanduku. Waliiuliza serikali yao maswali magumu kuliko haya yetu. Kama kijana wa Chicago aliruhusiwa kuuliza, na kijana wa Bwiza aruhusiwe.

Swali letu basi ni hili. Nchi yenye nguvu ya kusimamisha ndege zote za wakimbizi kwa saini moja, na nguvu ya kuwaita marais wawili meza moja, kwa nini saini yake ya kufunga ilifanya kazi ndani ya wiki moja, na saini yake ya amani haikufanya kazi hata siku sita? Tunavyoona sisi, ni kwa sababu ya kwanza waliisimamia wenyewe, na ya pili waliiachia wale wale wanaopigana. Ukitaka kitu, unakisimamia. Mwisho wa Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba wakimbizi wa mwaka wa fedha wa 2026 watakuwa 7,500 tu, na wengi wao Wazungu wa Afrika Kusini. Hapo tulielewa kwamba mlango haukufungwa kwa kukosa ufunguo.

Hatuombi huruma. Tunaomba kuhesabiwa kabla. Kabla ya vita kuanza, kabla ya karatasi kusainiwa, kuwe na mtu mezani mwenye kuuliza: watu wa miaka 20 watakwenda wapi?

Sisi tufanye nini?

Washington haitusomi, tunajua. Wanaotusoma ni nyinyi. Kwa hiyo maneno ya mwisho ni ya kwetu.

Kwenu vijana wenzetu. Moja: usiahidi miaka usiyokuwa nayo. Badala ya "nitakupenda milele," sema "Jumapili nitakuja," halafu uje kweli, hata kama esansi hakuna na itabidi utembee. Ahadi ndogo zilizotimizwa ndizo zinazofanya kijiji. Mbili: usivunje mapenzi kwa ajili ya karatasi ambayo haijageuka ndege, na ndege ambayo haijapaa. Mwenzetu alivunja akidhani anajua kesho. Tatu: mukiwa mumeoana kweli, semeni kwenye dosie mapema, siku ya kwanza. Na musifunge ndoa ya uongo kwa ajili ya dosie, wala kumficha mke. Huwa inajulikana, na wanaoumia ni watoto. Nne: msichana wa miaka 15 ni mtoto. Vita siyo sababu.

Kwenu wazazi. Rasheni zilipopunguzwa mwaka 2025, kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua, tuliona mabinti wakisukumwa kwa wanaume wenye duka. Tunajua njaa, tunaila pamoja nanyi. Lakini msituite moto wa mabua wakati nyinyi pia mumeshika ndoo ya maji.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika. Mnatuletea semina nyingi juu ya vijana na mahusiano. Ni SIDA, ni mimba, ni ubakaji. Ni muhimu na tunawashukuru. Ila hakuna hata siku moja mmetuuliza: "Nani ameachwa na vita?" Mtu aliyefiwa anapewa kikao cha mshauri. Mtu ambaye mchumba wake amepotea Uvira anaambiwa utapata mwingine. Tunaomba mahali pa kusema hayo. Tunaomba pia muwaeleze vijana mambo ya ndoa na dosie mapema, kwa Kiswahili, kabla ya mahojiano, maana wengi wanajua sheria siku ambayo haiwasaidii tena. Na mkisema "labda", hakikisheni tumesikia "labda". Kambini "labda" ya mfanyakazi mwenye gari inasikika kama "ndiyo". Watu wanauza masufuria kwa sababu yake.

Na kwa yule mzee wetu: tumelichunguza neno lako. Una haki nusu. Kuna mioto ya mabua kati yetu, tena mingi. Lakini kuna mingine ilikuwa ya magogo, ingeweza kupika chakula cha harusi na cha watoto, na tuliona ikizimwa.

Jumamosi ijayo saa tisa, Bwiza, mahali ni pale pale. Tutazungumzia haya kabla ya mpira. Njooni hata nyinyi mnaosema tumekosea, hao tunawahitaji zaidi. Na kama kuna mtu yeyote aliyevuka kutoka Uvira mwezi Desemba kupitia njia ya Fizi, akamwona binti na mama yake mgonjwa kwenye pikipiki, tafadhali aje. Kijana atakuwepo, yeye huwa anafika mapema.